Mgeni Aliyeshika Jembe: Adrien Atiman wa Karema

Vijana wetu wengi wanaacha vijiji kwenda kutafuta kazi mbali: Lubumbashi, Kolwezi, hata Ulaya. Wazazi wanatuuliza: Je, mtoto akikaa ugenini atakuwa mtu kamili? Tuwajibu kwa habari ya mtu aliyeishi ng'ambo ya ziwa letu Tanganika.

Adrien Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi inayoitwa leo Mali. Angali mtoto aliibwa na wafanya biashara ya watumwa, wakamvusha jangwa la Sahara. Kule Aljeria Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha. Baadaye Kardinali Lavigerie alimpeleka kisiwa cha Malta pamoja na vijana wengine waliokombolewa, wajifunze uganga, kusudi warudi Afrika kuwa waganga na makatekista.

Mwaka 1888 akaanza safari, na mwaka 1889 akafika Karema. Ilikuwa Afrika, lakini haikuwa kwao. 

Wahenga husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Atiman hakungoja kupewa. Aliwatibu wagonjwa, akafundisha dini. Tena alioa hapo hapo Agnes Wansabira, binti wa mfalme wa Wabende. Mwana wao Joseph akawa padri. Hivyo Atiman hakukaa kama msafiri aliyefunga mizigo yake. Alikaa miaka 67, mpaka alipokufa mwaka 1956.

Sisi wa upande huu wa ziwa tunamkumbuka mgeni mwingine, Kapiteni Joubert, Mfaransa, aliyekufa kwetu upande wa Moba mwaka 1927. Naye alioa huku. Lakini yeye alikuja kwa kupenda kwake; Atiman aling'olewa kwao kwa nguvu, kama mche.

Basi tusiwadanganye vijana kwamba ugeni ni kitu chepesi. Miaka yote ile ya kazi haikumrudishia Atiman mama yake. Hata hivyo, yeye aliyeuzwa kama mbuzi aliponya watoto wa watu wengine, na watu wale wakawa jamaa yake.

Enyi wazazi, mtoto akiaga, msimpe nauli tu. Mwulizeni: Huko uendako, utashika jembe gani? Na sisi tuliobaki, akija mgeni kwetu, tumpe nafasi ya kulima.