Mfalme wa Kusadikika Aliketi Juu ya Nini?

Chumbageni, Tanga, sebuleni kwa bibi mzaa mama, kulikuwa na kiti cha shaba ya manjano. Miguu yake ilinakshiwa maua. Kikalio na kiegemeo vilijazwa sufi na kuwambwa mahameli. Sisi wajukuu tulikiita "kiti cha enzi". Likizo iliyopita alikuja mnunuzi wa vitu vya kale, naye akakisifu kwa jina hilohilo. Bibi akacheka: "Mwanangu, hiki ni kiti cha bei. Cha enzi kilikuwa cha kamba."

Maneno hayo yalinisuta, maana mimi ni mwanafunzi wa fasihi. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga (1909), anamsimamisha Karama ajitetee siku sita mbele ya mfalme. Je, ndugu msomaji, wewe mfalme huyo unamkalisha wapi? Mimi, nakiri, nilimkalisha juu ya dhahabu na mahameli, kama wafalme wa Shakespeare jukwaani.

Kumbe pwani ilikuwa na kiti chake. Kiti cha enzi cha Waswahili, kilichotumika Lamu, Pate na Unguja katika karne ya 19, kilichongwa kwa mpingo na kutiwa njumu za pembe au mfupa. Kikalio na kiegemeo vilisukwa kwa kamba nyembamba. Chini kulikuwa na ubao wa kuwekea miguu. Shaba nayo ilikuwa na heshima yake, lakini katika siwa: ya Lamu ni ya shaba, ya Pate ni ya pembe ya ndovu.

Basi enzi haikuwa ulaini wa mto. Neno hilo, lenye asili ya Kiarabu, ni nguvu na utukufu. Na nyumbani kiti hicho alipewa mgeni wa heshima. Yaani mwenye kiti alionyesha ukubwa wake kwa kumkalisha mwingine. Kwa mtazamo wangu, hivyo ndivyo tumsome mfalme wa Kusadikika: ukubwa wake hauonekani alipoketi, unaonekana mwishoni, anapomwachia huru Karama.

Wahakiki wenzangu, tusiazime viti vya wengine kabla ya kuvitazama vyetu.

Na kile cha shaba? Bibi alikiuza. Fedha zake ndizo zilizonilipia ada mwaka huu.