Jane wa Tarzan na wamama mateka wa Kongo

Ndugu wasomi, leo tuache siasa kidogo, tuongee sinema. Lakini hii ni sinema inayotugusa sisi wa Maniema.

Tarzan alitolewa mara ya kwanza mwaka 1912 na Mmarekani Edgar Rice Burroughs, mtu ambaye hakukanyaga Afrika hata siku moja. Tangu hapo filamu zake zinarudiwa-rudiwa, na kila mara watu wanagombana juu ya Jane, mke wake. Mwaka 1934 nguo yake ilikuwa fupi sana. Wakaguzi wakalalamika, na kwenye filamu ya 1936 akavikwa ya kumfunika zaidi. Mwaka 1939 watengenezaji walitaka afe, maana Maureen O'Sullivan aliyemwigiza alitaka kuacha. Watazamaji walioonyeshwa mbele ya wengine wakakataa. Mwisho ukabadilishwa, Jane akapona. Mwaka 1981 ikatoka nyingine, hiyo ikauzwa kwa mwili wa Bo Derek kuliko kwa Tarzan mwenyewe.

Tufike 2016. Mwezi wa saba, mashabiki wengi walikuwa wanatukana Ghostbusters mpya, eti kwa nini kazi ya wanaume wamepewa wanawake. Leslie Jones, mwigizaji mweusi, alitukanwa mpaka akaondoka Twitter kwa muda. Mwezi uleule ikatoka The Legend of Tarzan. Yenyewe ilijisifu kwamba Jane wake si mwanamke wa kulia-lia akingoja mume. Kweli, anapigana, anamtemea adui mate. Lakini hadithi ni ileile: Léon Rom, mtu wa Leopold, anamteka, na mume anamfuata porini. Watu wakabishana: huyu ni jasiri, ao ni mateka wa zamani aliyepakwa rangi mpya?

Mimi swali langu ni lingine. Filamu inasema tuko Kongo, mwaka 1890. Basi kwa Kongo ya Leopold, mwanamke mateka alikuwa nani?

Sisi wa agronomia tunajua jibu linaanzia kwa mmea. Mpira wa wakati ule ulitoka sana kwa kamba za porini, zile Landolphia zinazopanda miti, si kwa mashamba. Mwanaume alipaswa kuingia mbali, siku nyingi, na kila kamba ilipokauka akaenda mbali zaidi. Askari mmoja hawezi kumchunga huko. Njia waliyoipata ni kumfunga bibi yake kijijini mpaka mume arudi na kilo zinazotakiwa. Ripoti ya Casement ya 1904 ilisema hayo, na tume ya Leopold mwenyewe ikayasikia pia.

Na kwetu, mbele ya Leopold, Nyangwe iliona damu. Tarehe 15/7/1871 Livingstone alishuhudia watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakipiga risasi sokoni. Wengi waliokufa walikuwa wamama waliokuja kuuza vitu. Wengine walizama Lualaba. Waliokufa walikadiriwa kupita 300.

Kwa hiyo ugomvi wa Jane haukuwa wa bure, ila uliishia kwa Jane. Mwaka 1939 watazamaji waliweza kumwokoa mwanamke ambaye hakuwako. Wamama wa Nyangwe walikuwako, na hawana hata afishi moja. Je, wewe mwenye diploma na simu mkononi, umeshamuuliza bibi yako wa Kasongo ao Kabambare alisikia nini kutoka kwa bibi yake? Andika hapa chini, hata mistari miwili.