Aliyempa Nguvu Ni Nani?

Tarehe 3 Novemba 1961 watazamaji wa runinga nchini Marekani walioneshwa kijiji kilichotengwa na dunia nzima. Aliyekitenga ni mtoto wa miaka sita, Anthony Fremont. Akiwaza jambo, linakuwa. Amefuta umeme na magari kwa sababu hayapendi, na mtu mzima anayemuudhi humtupa kwa wazo tu katika shamba la mahindi lililo jirani na nyumba, asionekane tena. Wazazi na majirani wanamzunguka wakitabasamu na kusifu kila alitendalo, maana hata chuki iliyofichwa moyoni anaisikia. Kipindi hicho kilikuwa cha mfululizo wa The Twilight Zone. Hadithi ilikuwa ya Jerome Bixby, iliyochapishwa mwaka 1953, Rod Serling akaiandikia mchezo, naye Billy Mumy akamwigiza mtoto.

Wale wazazi hawakuwa waoga kuliko watu wengine. Walikosa baraza. Hapakuwa na mzee, rika wala ukoo wenye haki ya kumwambia Anthony kwamba sasa imetosha. Ndiyo maana napenda kuvitazama vipindi hivi vya kale nikiwa upande wa Kangari, mji mdogo wa soko huko Kigumo, kaunti ya Murang'a, pale mashamba ya chai yanapopanda kuelekea msitu wa Nyandarua. Watu wa migongo hii walikuwa wamelitafakari kwa muda mrefu suala la binadamu anayejikuta na uwezo uliozidi kimo chake, na walikuwa na taratibu zake kabla runinga haijabuniwa.

Kabla ya Serling alikuwepo mwandishi Nigel Kneale wa Uingereza. Kati ya Julai na Agosti 1953 BBC ilirusha The Quatermass Experiment katika sehemu sita. Watu watatu wanatumwa angani, chombo kinarudi na mmoja, Victor Carroon. Wenzake wawili wamemezwa ndani yake, na mwili wake unaanza kugeuka kitu cha jamii ya mimea kinachoweza kuimaliza dunia. Mwishoni, ndani ya kanisa la Westminster Abbey, mwanasayansi Quatermass hana silaha ya kukitosha. Anazisihi roho za wale watu watatu zilizonaswa mle ndani zikumbuke kwamba ni wanadamu, zikatae, na zinakubali kufa. Ni mwisho wa heshima kubwa, na sioni ulioupita katika vipindi vyote vya aina hiyo. Mwaka huohuo Murang'a, iliyoitwa Fort Hall na wakoloni, ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na ndege za kijeshi za Waingereza zilikuwa zikidondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua.

Miaka kumi baadaye, Oktoba 1963, mfululizo wa The Outer Limits ulimleta Gwyllm, mchimba makaa wa Wales aliyeigizwa na David McCallum. Profesa mmoja aliyewahi kusaidia kutengeneza bomu, na sasa anasumbuliwa na dhamiri, amebuni mashine ya kuharakisha mabadiliko ya viumbe. Gwyllm anaingia. Kichwa kinakua, kidole cha sita kinachipuka, na baada ya muda mfupi anaweza kuusimamisha moyo wa mtu kwa kutaka tu. Anaondoka kwenda kukiangamiza kijiji kilichomdharau. Njiani anakua zaidi, akaipita hata ile chuki, akarudi kwenye mashine akitaka kufika mwisho wa safari ya binadamu. Cathy, msichana anayempenda, ndiye anayeachiwa wenzo wa mashine. Anauvuta kumrudisha nyuma.

Tarehe 22 Septemba 1966 ikawa zamu ya Star Trek. Chombo cha Enterprise kinagonga ukuta wa nishati kwenye ukingo wa galaksi, na afisa Gary Mitchell anaamka na macho ya fedha. Anasoma vitabu kwa kasi ya kufungua kurasa, kisha anasogeza vitu bila kuvigusa, kisha anaanza kujiita mungu. Afisa mwenzake Spock anasema auawe mapema au aachwe kwenye sayari isiyo na watu. Kapteni Kirk anasita, kwa kuwa Mitchell ni rafiki yake wa miaka mingi. Daktari Elizabeth Dehner, ambaye naye ameanza kupata nguvu hizo, anazitumia kumdhoofisha Mitchell na kufa kwa sababu hiyo, ndipo Kirk anapomporomoshea mwamba rafiki yake katika kaburi ambalo Mitchell alikuwa amemchimbia yeye. Wiki moja kabla, mfululizo huohuo ulikuwa umemwonesha kijana Charlie, yatima aliyelelewa na viumbe wasio na mwili na kupewa nguvu zao ili aweze kuishi. Walezi wake wanakuja kumchukua huku akilia kuomba abaki na watu. Februari 1967 akaja Khan, mtu aliyezalishwa kwa makusudi awe bora kuliko wenzake. Miaka ya 1970 ilikuwa na The Six Million Dollar Man na The Incredible Hulk, burudani nzuri, ila swali lilikuwa limepoa.

Chanzo cha hofu hiyo hakifichiki. Waandishi hawa waliishi na kumbukumbu ya Hiroshima na Nagasaki za 1945, na Oktoba 1962, kwa siku 13, Marekani na Urusi zilikaribia kuchomana kwa ajili ya makombora ya Cuba. Serling mwenyewe alikuwa askari aliyepigana Ufilipino. Lakini tazama vipindi hivi kwa pamoja. Mara nyingi nguvu inaingia kwa ajali katika mwili wa mtu mmoja, na dawa yake ni mtu mwingine mmoja mwenye bunduki, mwamba au wenzo. Jamii nzima inabaki kuwa watazamaji.

Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, mtambo wa kurushia matangazo ukiwa Limuru, na mwaka 1964 shirika likawa Sauti ya Kenya chini ya serikali. Migongo ya Murang'a ilingoja umeme kwa muda mrefu. Seti nyingi za mwanzo vijijini zilitumia betri ya gari, iliyobebwa hadi sokoni kuchajishwa, na bonasi ya majani chai ilinunua seti si chache. Mmoja aliizungusha antena nje, wengine ndani wakimpigia kelele kumweleza kama chenga zimepungua.

Ndani ya nyumba hizo walikuwemo wazee waliojua habari za Mugo wa Kibiru. Jomo Kenyatta aliiandika simulizi yake katika kitabu cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wagikuyu, watu wa migongo hii. Mugo, mtabiri mkubwa, aliamka asubuhi moja akiwa na michubuko mwili mzima, akitetemeka, ameshindwa kusema. Aliporudiwa na sauti alieleza kwamba usiku Ngai, Mungu wa Wagikuyu, alikuwa amempeleka mahali asipopajua na kumwamuru awaambie watu kuhusu wageni watakaotoka kwenye maji makubwa: rangi yao kama ya chura mdogo mweupe, nguo zao kama mbawa za vipepeo, fimbo zao zikitema moto, na nyoka wa chuma atakayeenea kutoka maji makubwa ya mashariki hadi mengine ya magharibi. Michubuko ilimjia alipojaribu kuyaepusha mabaya hayo yasiwapate watu wake. Huyu ni mwanadamu aliyepewa nguvu ya kutisha na akaumizwa nayo, na alichokiona hakikuwa mali yake. Kilikuwa cha kupelekwa mbele ya wazee, ambao ndio waliojadili la kufanya.

Hata mundu mugo (mganga) wa kawaida hakujitangaza mwenyewe. Wito ulimjia kwa ndoto na maradhi, kisha waganga waliomtangulia wakamwingiza kazini kwa sherehe na mbuzi wa kuchinjwa mbele ya watu. Aliyetumia uwezo kwa siri ili kuua aliitwa murogi, na kwake yeye kulikuwa na kingole, baraza la kumhukumu kifo. Kenyatta anaeleza kwamba hukumu haikutekelezwa mpaka ndugu wa karibu wa mshtakiwa aikubali, na ndugu huyo alitakiwa kushiriki katika kuwasha moto. Ni mzigo uleule wa Kirk mbele ya Mitchell, tofauti ikiwa kwamba hapa jamii iliupanga mapema, ikamzuia mtu yeyote kuua peke yake na kumzuia ndugu asilipize kisasi baadaye. Siupambi utaratibu huo. Tuhuma ya uchawi imewaua watu wasio na hatia, na bado inawaua. Mwaka 1932 mahakama ya kikoloni iliwahukumu kifo wanaume 60 wa Ukambani kwa kumuua mwanamke waliyemwita mchawi, na hukumu hizo hazikutekelezwa. Hata hivyo wazo la msingi lina uzito: uwezo unaotisha ni jambo la wote, na uamuzi juu yake uwe wa wote.

Kwa utawala palikuwa na ituika. Simulizi inasema zamani Wagikuyu walikuwa na mfalme dhalimu, wakamwangusha, na tangu hapo mamlaka yakawa ya marika mawili, Maina na Mwangi, yakipokezana takriban kila kizazi. Waliokuwa madarakani walilipwa mbuzi, wakaondoka. Hakuna aliyetawala hadi kufa.

Ndipo akaja mtu asiyepitia lolote kati ya hayo. John Boyes, baharia kutoka Hull, Uingereza, aliingia nchi ya Gikuyu mwaka 1898 kutafuta chakula cha kuuza, akakaribishwa na Karuri wa Gakure, mtu mashuhuri wa Murang'a aliyeogopwa kwa dawa zake. Boyes alikuwa na bunduki na unga wa kutibu vidonda. Vidonda vilipona, na risasi ilimwangusha mtu aliye mbali. Baada ya muda mfupi alikuwa akiongoza vita, akifanya mapatano na kujiita mfalme, jina aliloliweka hata kwenye kitabu chake cha mwaka 1911. Aliyemwondoa hakuwa rika jipya. Ni maafisa wa Uingereza waliomkamata na kumfikisha mahakamani, akaachiliwa, wao wakabaki na ufalme wenyewe. Karuri akawa chifu wao, akabatizwa, akafa mwaka 1916. Sherehe ya ituika iliyokuwa ikiandaliwa miaka ya 1920 ilizuiwa na serikali hiyohiyo. Ukitaka kujua Gary Mitchell angefanya nini katika nchi yenye watu wengi na bila Kirk, soma kitabu cha Boyes, naye akijisifu kila ukurasa.

Waandishi wa Kenya waliirudia habari hii wakiwa na jeraha la ukoloni huo. Katama Mkangi, katika riwaya ya Walenisi ya mwaka 1995, alimrusha Dzombo angani akiwa mfungwa aliyehukumiwa, akamfikisha kwenye sayari ambako uwezo mkubwa wa watu ni wa pamoja na hauna mwenye kuuhodhi. Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru, alikwenda upande wa pili katika Mũrogi wa Kagogo, aliyoanza kuitoa kwa Gikuyu mwaka 2004. Mle, Kamĩtĩ anakuwa mchawi kwa hila ya usiku mmoja ya kumtisha polisi anayemfukuza, kisha watu wanapomjia na shida zao anagundua kwamba kweli anaweza kuwaponya. Uwezo huo unamtisha, anaukimbia, anarudishwa na Nyawĩra, mwanamke anayemkumbusha walio nje ya mlango.

Mtawala wa nchi hiyo naye anapata maradhi ya ajabu: anavimba kama mpira unaojazwa upepo, hadi madaktari wa kigeni wanakosa dawa yake. Ametawala muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayekumbuka mwanzo, na mawaziri wake wamefanyiwa upasuaji wa kukuza macho na masikio ili waone na wasikie zaidi kwa niaba yake. Wanamzunguka wakisifu, kama wazazi wa Anthony. Anapoondoka hatimaye, anayekikalia kiti ni Tajirika, mmoja wa mawaziri wake, na kazi yake ya kwanza ni kujitangaza mfalme mkuu.