Riwaya huandikwa mara ngapi?

VIJANA wanaojaribu utunzi, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton mjini Njoro, aghalabu hudhani riwaya imekamilika pindi nukta ya mwisho inapotiwa. Historia ya fasihi ya Kenya yasema vingine.

Rasimu ya kwanza ni ya mtunzi mwenyewe. Humo huutafuta msuko na kuwajua wahusika wake. Anaporejea, hupima kwanza iwapo kisa kinasimama, kisha lugha. Tahajia huja mwisho kabisa. Anayeanzia kwenye tahajia hupaka rangi ukuta ambao kesho huenda akaubomoa. Nasi wahariri hupokea miswada ya namna hiyo: safi machoni, ila haina kisa.

Marehemu Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, ni mfano bora. Akiwa Makerere alianza kuandika The River Between, wakati huo ikiitwa The Black Messiah. Hata hivyo, Weep Not, Child, aliyoiandika baadaye, ndiyo iliyotangulia kuchapishwa mwaka 1964. Ile ya awali ikafuata 1965.

Mwaka 1978, akizuiliwa Kamiti bila kushtakiwa, aliandika Caitaani Mutharaba-ini kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni. Askari jela waliupata mswada huo na kuutwaa, kisha akarudishiwa. Kitabu kilitoka 1980, naye akakitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1982.

La kustaajabisha zaidi ni A Grain of Wheat. Riwaya hiyo ilikuwa imesomwa kwa takriban miaka 20 tangu 1967 alipoifanyia marekebisho. Katika toleo la miaka ya 1980, Koinandu akawa Koina, "Chama" kikawa "Harakati", na tukio la Koinandu kumbaka daktari mzungu likaondolewa, kwa kuwa mwandishi alitaka wapiganaji wa uhuru waonekane kama historia ilivyowajua. Wapo wahakiki wanaolipenda zaidi toleo la kwanza. Kwa maoni yangu, mtunzi ana haki ya kubadili kazi yake, lakini msomaji naye ana haki ya kujua anasoma toleo lipi.

Je, mtu mwingine aruhusiwe kuugusa mswada kwa kiasi gani? Njoro ina kisa chake, ingawa si cha riwaya bali cha kumbukumbu. Beryl Markham, rubani aliyelelewa katika shamba la babake huko na kuvuka Atlantiki peke yake mwaka 1936, alichapisha West with the Night mwaka 1942. Mumewe, Raoul Schumacher, alikuwa mwandishi, na minong'ono ikaenea kwamba kalamu ilikuwa yake. Mary Lovell, katika wasifu wa 1987, alimtetea Markham. Errol Trzebinski, mwaka 1993, akampa Schumacher sifa hiyo. Markham mwenyewe alikuwa amefariki Nairobi mwaka 1986, kabla ya vitabu vyote viwili kutoka.