Mapokezi ya askari waliotoka vitani (Tanzania)

Mapokezi ya askari waliotoka vitani ni salamu, maneno na desturi ambazo raia wa Tanzania hutumia kumkaribisha na kumtambua mtu aliyerudi kutoka mstari wa mbele. Akiacha jeshi, kwa lugha ya kambini mtu huyo amerudi "uraiani".

Kiswahili hakina salamu maalumu kwa mkongwe wa vita. Yapo maneno mawili yanayokwenda pamoja: pole na hongera. Pole ni kwa yale aliyoyapitia na kwa wenzake waliobaki huko. Hongera ni kwa ushindi na kwa kurudi mzima. Anayetamka moja akaliacha la pili huwa hajamaliza kusalimia, maana hongera peke yake huwasahau waliozikwa, na pole peke yake humfanya mpiganaji kuwa mtu wa kuhurumiwa tu. Mzee hutanguliziwa shikamoo, kwa kuwa umri una haki yake hata pasipo vita. Wapiganaji wengi huendelea kuitwa "afande" mtaani miaka mingi baada ya kuvua magwanda.

Desturi hii ilipata uzito mkubwa katika Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin, rais wa Uganda, yalivamia eneo la Tanzania lililo kaskazini mwa mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), likiwa na mgambo na wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin, liliingia Kampala Aprili 1979, na vita vikaisha mwanzoni mwa Juni. Kwa hiyo wapiganaji hawa walianza kupokewa ugenini: wakazi wa Kampala walijitokeza kuwashangilia, na jina waliloitwa huko, bakombozi, ni "wakombozi" ya Kiswahili. Waliporejea nchini, mgambo wengi walirudi kwenye majembe yao, na shukrani waliyoishi nayo kila siku ikawa ile ya ndugu na majirani.

Heshima ya taifa hutolewa Siku ya Mashujaa, 25 Julai. (Kenya nayo ina Siku ya Mashujaa, 20 Oktoba, lakini hiyo huwaenzi zaidi wapigania uhuru na raia waliolitumikia taifa.) Katika sherehe ya Tanzania hakuna hotuba inayozidi uzito wa silaha za jadi zinazowekwa kwenye mnara wa mashujaa. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, meya wa jiji upinde na mishale, kiongozi wa mabalozi shada la maua, na mwakilishi wa wapiganaji wa zamani huweka shoka. Katika safu hiyo meya husimama kwa niaba ya raia, na mkongwe husimama sambamba na wakubwa wa nchi. Tarumbeta hulia, watu hunyamaza, viongozi wa dini huomba dua.

Siku nyingine hali ni tofauti. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, na mstaafu ni raia. Medali zake hukaa kabatini hadi Julai, hivyo kijana anayepanda naye daladala hana namna ya kumjua. Hapo ndipo desturi inapopungukiwa: inamheshimu shujaa jukwaani, lakini kituoni inampita bila kumwona.

Makaburi ya mashujaa yapo Kaboya, wilayani Muleba, kwa waliokufa Kagera, na Naliendele, Mtwara, kwa waliokufa wakipigana Msumbiji. Hao hawawezi tena kuitikia salamu. Lakini wapiganaji walio hai waliokuwa na miaka 20 mwaka 1979 wamekwisha kuvuka 60. Mwenye mmoja wao mtaani kwake na ampe shikamoo, kisha pole, kisha hongera, angali yupo wa kuitikia marahaba.