Sintaksia inajenga ukuta, mipaka unapanga wewe

Darasani kumezuka ubishi: hivi programu kugawanyika vizuri ni kazi ya lugha, au ni akili ya anayeandika? Mimi naona historia imeshajibu.

Mwaka 1972 David Parnas, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Carnegie-Mellon, alichapisha makala kuhusu programu moja ndogo tu. Inasoma mistari ya maandishi, inauzungusha kila mstari (neno la kwanza linahamia mwisho, tena na tena), halafu inaipanga yote kwa alfabeti. Akaigawa kwa njia mbili. Ya kwanza ilifuata hatua: kusoma, kuzungusha, kupanga, kuchapa. Si ndo tunavyogawa wengi? Shida yake, kila moduli inajua mistari imehifadhiwa vipi kwenye memori. Badili uhifadhi, unazigusa zote. Njia ya pili, kila moduli ilipewa siri yake ya kutunza. Uhifadhi ukawa siri ya moduli moja, ukiubadili unagusa hiyo tu. Tofauti haikutoka kwenye lugha, ilitoka kwenye mipaka.

Sasa sintaksia haina kazi? Inayo, tena kubwa. Pascal ya Niklaus Wirth, ya mwaka 1970, haikuwa na moduli, kwa hiyo siri ilitunzwa kwa kuaminiana tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Wirth akaleta Modula-2. Humo moduli ina sehemu mbili: tangazo la vitu ambavyo wengine wanaruhusiwa kutumia, na utekelezaji uliofichwa. Mwenzako akigusa cha ndani, kompaila inamkatalia. Ahadi ikawa sheria.

C yenyewe iliendelea kunakili maandishi ya faili moja ndani ya jingine. C++ ikarithi hivyo hivyo, na moduli ikazipata kwenye kiwango cha 2020. Lakini angalia kiini cha Linux, kilichoanza 1991 kwa C: mifumo mbalimbali ya mafaili inapita mlango mmoja, na programu yako haina haja ya kujua nyuma yake kuna nini. Nidhamu hiyo ni ya watu.

Kwa hiyo mnaogawana projekti kwa mtindo wa "wewe andika ya kusoma, mimi ya kuchapa", kabla hamjabishania lugha jiulizeni: kesho kitabadilika nini, na ni nani tu anapaswa kukijua? Mkikosea hapo, kompaila italinda kwa uaminifu mpaka uliowekwa pasipo pake.

Naomba kuwasilisha.