Seli shina

Mbwa anapozaa, kila mtoto huwa na kondo lake la nyuma, lenye umbo la mkanda na kingo za kijani. Mama hulila papo hapo. Akizalishwa kwa upasuaji, kama ilivyo kawaida kwa buldogi wenye watoto wa vichwa vikubwa, kondo hubaki mezani. Watafiti wa tiba ya mifugo hulichukua, maana ndani yake, na kwenye kamba ya kitovu, mna seli shina.

Jina hili limeundwa kama askari kanzu na bata mzinga: nomino mbili bila kiunganishi. Tukisema "seli za shina", msomaji ataenda kwenye mti. Wakulima huhesabu minazi kwa mashina. Wanasarufi nao wana shina lao, kama pona, linalozaa ponya na ponyesha. Seli shina ni ile ambayo haijashika kazi maalumu. Ya kwenye kondo yaweza kuzaa seli za mfupa, gegedu au mafuta.

Hapo ndipo jina linapoweza kupotosha. Zikidungwa kwenye goti la mbwa mwenye ugonjwa wa viungo, seli hizi aghalabu hazigeuki kuwa gegedu. Hutoa kemikali zinazotuliza uvimbe. Kwa hiyo, mwandishi akikuta mbwa aliyepata nafuu, aandike kwamba maumivu yamepungua. Asiandike kwamba goti limeota upya.